Hesabu Ilipogota: Habari za 2,147,483,647

Karatasi ile bado ninayo. Ni ya printa, imekunjwa mara nne, na chini kabisa, kwenye mstari wa jumla ya akiba za wanachama, imeandikwa: –21,469,672.96. Alama ile ndogo ya kutoa ndiyo iliyotukalisha kwenye darasa la shule ya msingi, Jumamosi moja ya mwaka 2009, mpaka chemli ikawashwa. Tulikuwa wanachama zaidi ya arobaini wa kikoba, na wote tulikuwa tunamtazama mama mmoja.

Alikuwa mweka hazina wetu. Mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa nafundisha Hisabati na watu hudhani mwalimu wa Hisabati anazijua fedha. Kwa miaka mingi hesabu zetu zilikaa kwenye kaunta buku yake, yenye jalada jeusi na kona nyekundu, mpaka kijana wa mwanachama mwenzetu alipotutengenezea programu ya kompyuta bila kudai hata nauli. Tukachanga, tukanunua kompyuta iliyotumika. Wiki ile, mtu wa mwisho kuweka alikuwa muuza samaki aliyeleta shilingi 25,000. Mama akaziingiza, akabonyeza, printa ikatema karatasi.

“Mama,” akauliza mzee mmoja, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, “milioni ishirini na moja zimekwenda wapi?”

Hakulia. Alisema kaunta buku yake ifuatwe nyumbani. Kumbe alikuwa ameendelea kuiandika kila wiki, kwa kuwa mashine hakuiamini. Ilipoletwa, jumla yake ilisoma shilingi 21,480,000 kamili. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa nje kwenye mikopo, kwa hiyo kufungua sanduku kusingethibitisha kitu. Likabaki neno la kaunta buku dhidi ya neno la kompyuta, na mwaka ule neno la kompyuta lilikuwa zito. Sauti ikatoka nyuma ya darasa kuuliza kwa nini mweka hazina awe na vitabu viwili.

Kilichoniinua kwenye dawati ni zile senti 96. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuweka senti kwenye kikoba; watoto ninaowafundisha hawajawahi kuishika sarafu ya senti. Sasa senti tisini na sita zimetoka wapi? Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni namba ya kaunta buku, chini yake nikaandika namba ya karatasi bila ile alama, nikajumlisha.

42,949,672.96.

Nikafuta nukta. 4,294,967,296. Namba hiyo naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Kila mwaka huwapa wanafunzi wa darasa la saba zoezi la kuanza na moja na kurudufu: mbili, nne, nane, kumi na sita, waone nani atafika mbali kabla ya kengele. Ukirudufu mara 32 bila kukosea, unafika hapo. Na namba ya aina hiyo haiji yenyewe kwenye wizi. Mwizi huiba laki mbili, huiba milioni. Haibi mbili kwa kipeo cha 32.

Tulimpigia kijana simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Aa, mwalimu, shikamoo. Nimehifadhi kwa senti.” Akaeleza kwamba alikuwa ameichukua programu ya mfano iliyotengenezwa kwa fedha za nchi nyingine, ambako senti bado zina kazi, na kwamba sanduku alilotumia kuwekea jumla haliwezi kubeba namba kubwa kuliko 2,147,483,647. Ukizisoma kama senti, hizo ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Kabla ya muuza samaki tulikuwa na 21,455,000, chini ya mstari. Yeye ndiye aliyetuvusha.

Nitarudi kwa mama. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikiifuatilia hiyo 2,147,483,647, nikakuta kwamba muda mrefu kabla ya kompyuta ilikwisha kuwa na historia yake, na kwamba hatukuwa wa kwanza kuambiwa hesabu inaishia hapo.

Kwanza tabia zake. Ni mbili iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mpaka zikawa mbili 31, kisha ukatoa moja. Ina tarakimu kumi. Ni witiri, kwa maana haigawanyiki kwa mbili. Na ni tasa: hakuna namba inayoigawa bila baki isipokuwa moja na yenyewe.

Neno tasa hunisumbua kila ninapolifundisha. Watoto wanalijua kutoka nyumbani, tena kwa maana ya kuumiza, na kuna mwaka binti mmoja alinyamaza kipindi kizima kwa sababu yake. Isitoshe, neno lenyewe limegeuzwa. Kila namba kubwa kuliko moja ambayo si tasa imepatikana kwa kuzidisha namba tasa, na kwa njia moja tu ukiacha mpangilio. Sita ni mbili mara tatu. Hakuna namna nyingine. Yaani hizi tunazoziita tasa ndizo wazazi wa nyingine zote. Zilichokosa ni wazazi wao wenyewe, sisi tukazinyima watoto.

Watu wa kale walizifikia namba za aina ya namba yetu kwa njia ya pembeni, wakitafuta kitu kingine. Walikuwa wakisaka namba timilifu: namba ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unaipata yenyewe. Sita hugawanyika kwa 1, 2 na 3, na hizo jumla yake ni sita. Ishirini na nane hugawanyika kwa 1, 2, 4, 7 na 14, jumlisha. Baada ya hapo inakuja 496, halafu 8,128, na kisha pengo kubwa. Euclid, Mgiriki, aliacha kanuni: chukua mbili, irudufu mara kadhaa, toa moja, ukipata namba tasa, izidishe kwa nusu ya ile uliyokuwa nayo kabla ya kutoa moja, na utapata namba timilifu. Kwa mfano nane kutoa moja ni saba, saba ni tasa, saba mara nne ni 28.

Kanuni ni rahisi kuisema. Kazi iko kwenye maneno “ukipata namba tasa”. Katika karne ya 13, mwanahisabati wa Misri, Ibn Fallus, aliandika orodha ya namba timilifu kumi. Saba za kwanza zilikuwa sahihi, mpaka 137,438,691,328, mamia ya miaka kabla Ulaya haijafika huko. Tatu za mwisho zilikuwa na makosa. Namba timilifu ya nane, aliyoikosa, ndiyo inayozaliwa na namba yetu: 2,147,483,647 mara 1,073,741,824.

Huko Italia, Pietro Cataldi aligawanya kwa mkono, namba tasa moja baada ya nyingine, na mwaka 1588 akawa amethibitisha kwamba vipeo vya 17 na 19 vinatoa namba tasa, yaani 131,071 na 524,287. Kazi hiyo ilikuwa safi. Kisha akaongeza, bila kugawanya, kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa namba tasa. Alipatia kimoja tu kati ya vinne. Alichopatia ni 31, na hakukijua kwa maana yoyote ya kujua, alikibahatisha.

Halafu akaja Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyeandikiana barua na karibu kila mwanasayansi wa zama zake, na ambaye namba hizi zimebeba jina lake. Mwaka 1644 alichapisha orodha: kati ya vipeo visivyozidi 257, vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Basi. Hakuonyesha hesabu. Alikiri hata yeye kwamba kuamua kama namba ya tarakimu kumi na tano au ishirini ni tasa ni kazi ambayo maisha hayatoshi. Lakini alikuwa Mersenne, orodha ilikuwa imechapishwa, na watu wakaibeba. Ilichukua zaidi ya miaka 300, mpaka 1947, orodha ile kukaguliwa yote. Ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zilikuwa zimeachwa nje.

Nikikumbuka jinsi tulivyoiangalia ile karatasi ya printa siku ile, siwezi kuwacheka waliomwamini Mersenne.

Aliyeikagua 31 ni Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi Urusi, na hali aliyokuwa nayo alipoikagua ndiyo inayonifanya nisimame kila ninaposoma habari hii. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika tangu ujana. Aliporudi St Petersburg mwaka 1766, mtoto wa jicho akaanza kulifunika la kushoto. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea na ikabidi atolewe motoni na mtu mwingine. Upasuaji wa jicho ukafanikiwa kwa muda mfupi, kisha giza likarudi. Mwaka 1772 akamwandikia Bernoulli barua, ikisema kwamba 2,147,483,647 ni tasa, na ikieleza amejuaje.

Namna aliyojua ndiyo uzuri wenyewe, nami naomba msomaji avumilie aya mbili. Ukitaka kuhakikisha namba ni tasa, unaigawanya kwa kila namba tasa mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Ukivuka hapo bila kupata kigawo, hakuna tena. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Hesabu za kugawanya 4,800, kila moja ya namba ya tarakimu kumi, na ukikosea moja tu kazi yote imeharibika. Kwa kipofu anayetamka na mwingine kuandika, hiyo ni adhabu.

Lakini Fermat, kwenye mwaka 1640, alikuwa amegundua kwamba kigawo tasa cha namba kama hii hakiwezi kuwa chochote tu. Kwa kipeo cha 31, lazima kiwe kigawe cha 62 ukiongeza moja. Euler akabana zaidi: ukikigawanya kigawo hicho kwa nane, lazima kibaki 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili, vinavyobaki ni vile tu ambavyo ukivigawanya kwa 248 vinabakiza 1 au 63. Zile 4,800 zikashuka mpaka namba zisizofika mia nne, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo unazitupa bila kuzigusa: 63 ni mara za saba, 249 ni mara za tatu. Namba ya kwanza ya kujaribu kweli ni 311. Nimeijaribu mwenyewe, kwa kalamu: 2,147,483,647 kugawanya kwa 311 ni 6,905,092, baki 35. Haigawi. Ya pili ni 1,303. Nayo haigawi, baki 226. Hapo nikaweka kalamu chini nikaenda kunywa chai. Euler alifika mpaka mwisho.

Kati ya Cataldi, Mersenne na Euler hakuna aliyetofautiana na mwenzake kuhusu 31. Wote watatu walisema tasa. Ukiangalia jibu peke yake huwezi kuwatenganisha. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kulisema, na ndiye asiyeweza hata kuisoma namba yenyewe.

Kwa miongo mingi hiyo ikabaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa. Ndipo mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa chuo cha kijeshi cha Woolwich huko Uingereza, akaandika kitabu cha nadharia ya namba, na alipofika kwenye ile namba timilifu ya nane akatoa hukumu. Alisema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu na hazina matumizi, hivyo si rahisi mtu ajisumbue kutafuta nyingine mbele yake. Barlow hakuwa mjinga wala mvivu. Miaka mitatu baadaye alichapisha majedwali ya vipeo na vipeuo ambayo mafundi na wahandisi waliyatumia mpaka karne ya 20. Alikuwa mtu anayehesabu kwa ajili ya wengine. Pengine ndiyo sababu hakumwelewa mtu anayehesabu bila kutumwa.

Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa, akapata njia ya kupima namba hizi bila kuzigawanya kabisa, akaonyesha kwamba kipeo cha 127 hutoa namba tasa. Ina tarakimu 39. Mwaka 1883 padri mmoja wa Urusi, Pervushin, akathibitisha kipeo cha 61 ambacho Mersenne alikiacha. Njia ya Lucas pia ilionyesha kwamba kipeo cha 67 hakitoi namba tasa, lakini kwa namna ya ajabu: ilisema namba hiyo ina vigawo, isiseme ni vipi. Ni kama kuambiwa sandukuni kuna mwizi bila kuambiwa ni nani.

Mwaka 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani huko New York, Frank Nelson Cole alipewa nafasi ya kusoma mada yake. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akazidisha mbili kwa yenyewe mpaka kipeo cha 67, akatoa moja: 147,573,952,589,676,412,927. Akahamia upande mwingine wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha mstari kwa mstari kama afanyavyo mwanafunzi. Namba mbili zikalingana. Akarudi kuketi, bado kimya, na ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu.

Zilizofuata nitazipita haraka, kwa kuwa baadaye mashine ndizo zilizofanya kazi. Mwaka 1952 kompyuta iliyoitwa SWAC ilipata vipeo viwili vipya usiku mmoja. Oktoba 2024 ikatangazwa namba tasa ya kipeo cha 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41; ukiandika tarakimu moja kila sekunde bila kulala, itakuchukua zaidi ya mwaka mmoja na robo. Namba yetu pia imetumiwa yenyewe kama kipeo: mbili kwa kipeo cha 2,147,483,647, kutoa moja. Hiyo si tasa. Hugawanyika kwa 295,257,526,626,031, na mtu aliyeitafuta hakuwa na kiwanda kilichokuwa kikiisubiri.

Sasa namba ya Barlow iliingiaje kwenye kikoba? Kwa mlango mwingine kabisa. Kompyuta huandika namba kwa swichi, kila moja ikiwa imewaka au imezima. Kuanzia miaka ya 1960 ikawa kawaida kuzipanga swichi hizo 32 kwa kila namba. Moja ikatengwa kwa ajili ya kuonyesha kama namba ni hasi. Zikabaki 31, na zote zikiwaka, unapata mbili kwa kipeo cha 31 kutoa moja. Ukiongeza moja hapo, hesabu inafanya kama mita ya maji iliyofika mwisho, isipokuwa hairudi kwenye sifuri: inaigusa ile swichi ya alama, na namba kubwa kuliko zote inakuwa hasi kubwa kuliko zote. Kompyuta haitambui kuwa kuna lolote baya. Ndiyo maana printa yetu iliandika kwa wino safi na mistari iliyonyooka.

Kwamba ukomo huo uliangukia kwenye namba tasa ya Euler ni sadfa tu. Mpangilio wa swichi 16 unagota kwenye 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Mpangilio wa swichi 64 unagota kwenye namba ya tarakimu kumi na tisa inayogawanyika kwa saba. Utasa haumsaidii mhandisi kwa lolote. Lakini sababu iliyowafanya waishie hapo nimeisikia mahali: inatosha, nani atahitaji zaidi?

Desemba 2014 video ya mwimbaji wa Korea Kusini, PSY, ilikaribia kuonekana mara 2,147,483,647 kwenye YouTube, ikabidi wenye mtandao wapanue sanduku. Watu walicheka. Mwaka uliofuata hapakuwa na la kuchekesha: mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza kwamba ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kufika siku 248 mfululizo, kwa sababu kaunta iliyomo kwenye vidhibiti vya jenereta ingefika mwisho na ndege kupoteza umeme, hata angani. Sehemu za mia za sekunde ukizihesabu mpaka namba yetu unapata siku 248 na nusu. Ni aina ileile ya ndege inayoruka kutoka Nairobi, Addis Ababa na Dar es Salaam. Na ndiyo, 248 ni ileile namba ya Euler ya kuchujia vigawo. Nimejaribu kutafuta uhusiano, haupo.

Iliyobaki ina tarehe. Kompyuta nyingi huhesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Zile zinazozihifadhi kwenye sanduku la swichi 32 zenye alama zitafika mwisho Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini kuwa ni tarehe 13 Desemba 1901, Dar es Salaam ikiwa bado chini ya Mjerumani. Kubwa nyingi zimekwisha kurekebishwa. Ninazozifikiria ni ndogo, zilizofungiwa ndani ya vitu: mita, lango la bwawa, mashine ya zahanati iliyoletwa kwa msaada na aliyeitengeneza amekwisha kustaafu.

Mama, basi. Usiku ule kijana alituambia kwenye simu tusimlaumu mtu mwingine, ni yeye. Alikuja keshoye kwa baiskeli, akaondoa senti kwenye programu, kazi ya nusu saa. Sasa sanduku letu linagota kwenye shilingi bilioni mbili na ushee, na sidhani kama kikoba kitafika huko, ingawa nimejifunza kutosema hivyo kwa sauti. Mwenyekiti alimwomba mama radhi mbele ya wote. Akaitikia, akasema yamekwisha. Mwisho wa mwaka hakugombea tena, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu. Alinikabidhi kaunta buku mimi, akaniambia niihifadhi pamoja na ile karatasi, zisitenganishwe.

Naifungua mara kwa mara. Ukurasa wa wiki ile una mistari arobaini na mitatu ya wino wa buluu, na chini ya 21,480,000 kuna sahihi mbili. Ya kwanza ni ya mama. Ya pili ni ya yule mzee aliyeuliza fedha zimekwenda wapi. Maelezo yangu ya ubaoni aliyasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, “Ahsante, mwalimu,” kisha akaomba chemli isogezwe, akavuta kaunta buku, na akajumlisha ukurasa wote upya, mstari kwa mstari, kwa kidole, huku sisi tukisubiri. Alimaliza saa tatu usiku. Akaomba kalamu.